Usimguse, yuko kazini: maswali yenu kuhusu mbwa wanaoongoza wasioona

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya mbwa wanaoongoza watu wasioona na wenye uoni hafifu, na toka hapo barua hazijakoma. Nimezisoma zote. Nimechagua chache ambazo zinabeba maswali ya wengi, zingine nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyojiita wenyewe. Naanza na ya huyu kaka manake likieleweka jibu lake, mengine yote yanakuwa mepesi.

Habari dada. Hivi huyo mbwa anajuaje mwenye naye anataka kwenda wapi? Anasoma taa za barabarani au anafundishwa mji mzima? Mimi na washkaji tumebishana hadi tukataka kukosana. – Mbishi wa kijiweni

Nzuri kaka. Mbwa hajui mnaenda wapi, anayejua ni mtu. Hapa ndo wengi wanapokosea, wanadhani asiyeona anakaa tu kama abiria kwenye teksi, anasema nipeleke benki halafu anatulia. Hapana. Ramani iko kichwani kwa mtu: nikitoka getini nakwenda kulia, napita njia panda mbili, nakata kushoto, nikianza kusikia kelele za stendi basi nimekaribia. Yeye ndo anatoa amri, mbele, kulia, kushoto, tafuta mlango, tafuta ngazi, tafuta kiti. Njia wanazopita kila siku mbwa atazizoea, hilo kweli, na anaweza hata kukata kona kabla hajaambiwa kwa sababu jana na juzi mlikata hapohapo, lakini kuamua safari sio kazi yake.

Kazi yake ni kumpitisha mwenzie salama kwenye hiyo njia. Anatembea upande wa kushoto kwa kawaida, mbele kidogo, amevaa mkanda wa kazi wenye mpini mgumu, na mtu akishika ule mpini anahisi kila anachofanya mbwa, akipunguza mwendo, akipinda, akisimama. Anasimama kwenye ukingo wa barabara, anasimama kwenye ngazi, anakwepa nguzo na mashimo na pikipiki iliyopakiwa katikati ya njia, na kitu ambacho mimi kinanishangaza kila nikikifikiria, anajifunza kupima upana na urefu ambao si wake. Yaani pale anapopita yeye bila shida lakini bega la mtu litagonga, hapiti. Tawi linaloning'inia usawa wa uso wa mtu, mbwa yuko chini kabisa halimhusu, lakini anazunguka. Fimbo nyeupe inapapasa chini, tawi la juu hailikuti, ndo maana wasioona wengi wana makovu ya paji la uso.

Sasa taa. Macho ya mbwa yanatofautisha vizuri bluu na njano, lakini nyekundu na kijani zinamchanganya, kwa hiyo hasomi taa. Mtu ndo anasikiliza. Magari yaliyo sambamba naye yakianza kuondoka, na yale ya mbele yake yakawa yamesimama, anajua ni zamu yake, anasema mbele. Na hapo kuna jambo zito: kama amekosea na gari inakuja, mbwa anagoma. Amepewa amri na anaikataa, anasimama, au anajiweka mbele ya miguu ya mtu asivuke. Fikiria ugumu wa kumfundisha mnyama kutii siku zote, halafu umfundishe pia ni wakati gani asitii. Wakufunzi wenyewe wanasema hilo ndo somo kubwa kuliko yote.

Niongeze kidogo kuhusu magari ya umeme, kwa kuwa hayo hayasikiki yakiwa yanakwenda taratibu na hapo masikio ya mtu hayana cha kushika. Umoja wa Ulaya umeliona hilo, tangu Julai 2021 magari mapya yote ya umeme na mseto (yanayotumia umeme na mafuta) kule lazima yatoe sauti yakiwa kwenye mwendo mdogo. Hilo halikuja lenyewe, vyama vya wasioona vilipiga kelele miaka mingi.

Shikamoo dada. Mwanangu wa miaka sita akiona mbwa wa hivyo anataka kumkimbilia amshike. Nimkataze? Naona kama namnyima raha. – Mama wawili

Marahaba mdogo wangu. Mkataze, tena bila kusita. Mbwa akiwa na ule mkanda wenye mpini yuko kazini na akigeuza kichwa kumwangalia mwanao sekunde mbili tu, mtu aliyemshika anaweza kukanyaga pasipokanyagika. Usimguse, usimwite jina, usimpigie mluzi, usimwangalie machoni ukimchekea, na usimpe kitu cha kula hata kama unampenda vipi, maana mbwa aliyezoea kupewa vipande na watu wa njiani anaanza kuvizia watu badala ya kuangalia njia. Mwambie mtoto kwa lugha yake, huyu ni macho ya yule mjomba, tukimsumbua mjomba haoni. Watoto wanaelewa haraka, wanaosumbua sana ni sisi wakubwa. Akitaka kumsalimia, asalimie mtu. Mkanda ukivuliwa mkaruhusiwa, hapo mwache acheze naye, mbwa hawa wakiwa nje ya kazi ni mbwa kama wengine tu, wanaruka, wanafukuza mpira, wanajigaragaza.

Dada naomba unisaidie kwenye hili. Kuna jamaa tunapanda naye treni kila asubuhi, ana mbwa wa kuongoza na mkanda na kila kitu, lakini juzi nikamwona kwa macho yangu anasoma meseji kwenye simu! Abiria wengine wakaanza kusema ni tapeli. Mimi nikakaa kimya ila na mimi nina mashaka. – Abiria wa asubuhi

Nashukuru umeuliza kabla hujaungana nao.

Kutoona si giza tu. Watu wengi waliosajiliwa kama wasioona wana uoni fulani uliobaki, wengine wanaona mwanga na kivuli, wengine wanaona kipande. Kuna magonjwa yanakula uoni wa pembeni, presha ya macho kwa mfano, au ule ugonjwa wa kurithi unaoitwa retinitisi pigmentosa, mtu anabaki na kitundu kidogo katikati. Kwa kitundu hicho anaweza kusoma meseji vizuri kabisa, lakini hawezi kuona mtoto anayepita pembeni yake wala ngazi iliyo miguuni, na jua likizama ndo kabisa. Wengine ni kinyume chake, katikati pamekufa, pembeni panaona, huyo anaweza kutembea chumbani bila kugonga kitu lakini sura yako haijui hata ukisimama mbele yake. Halafu kuna simu zinazosoma maandishi kwa sauti, mtu ameshika simu karibu na sikio na wewe unadhani anasoma.

Kwa hiyo yule jamaa hajadanganya mtu. Na naomba nikuambie wazi kwa sababu hili linaniuma: wenye uoni hafifu wananyanyaswa pande zote mbili, akishika fimbo au mbwa anaitwa tapeli, akiacha akagonga mtu anaambiwa we kipofu. Wapo wanaoacha kutumia fimbo kwa sababu ya maneno tu, wanaanza kukaa ndani. Kesho ukipanda treni na ukasikia tena hayo maneno, sema kitu, sentensi moja tu inatosha, kwamba kuna watu wanaona kidogo na wanahitaji mbwa. Ukitaka kumsalimia taja jina lako kwanza, manake anaweza asikutambue kwa sura hata kama mmepanda pamoja mwaka mzima.

Habari ya kazi. Mimi nina mgahawa. Akija mteja na mbwa nimruhusu? Nawaza usafi, nawaza wateja wanaoogopa mbwa. Na nitajuaje kama ni mbwa wa kweli na sio mtu amemvalisha tu mbwa wake kivesti? – Mwenye mgahawa

Mruhusu. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi na ya kwako inabidi uisome, lakini mwelekeo wa dunia ni mmoja. Marekani sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 inalazimisha sehemu za biashara kuwapokea, Uingereza iko kwenye Sheria ya Usawa ya 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao nchi nyingi sana zimeuridhia, ibara yake ya 20 inazitaka nchi zirahisishe watu wenye ulemavu kupata vifaa vya kutembelea na msaada wa viumbe hai, yaani watu au wanyama. Hata pale ambapo sheria haijamtaja mbwa kwa jina, ukimwambia mtu muache mbwa nje umemwambia aache macho nje, umemzuia yeye, hakuna namna ya kulitenganisha hilo.

Usafi usikusumbue. Mbwa huyu amefundishwa toka mdogo kulala chini ya meza akatulia, haombi chakula, hapandi viti, anajisaidia kwa amri na kwa wakati. Anayeogopa mbwa mtafutie meza ya mbali, ndo hivyohivyo kwa mwenye mzio. Kuhusu kumjua wa kweli, Marekani mfanyakazi kama haioneki wazi anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu, je huyu mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani, basi, haruhusiwi kudai vyeti wala kumwambia mtu eleza ugonjwa wako. Mimi naona ni utaratibu mzuri kwa yeyote. Na angalia tabia: mbwa anayebweka, anayenusa meza za watu, anayerukia wahudumu na mwenyewe hamdhibiti, huyo una haki ya kuomba atolewe hata awe na kivesti cha dhahabu. Wanaowavalisha mbwa wa nyumbani vivesti wanawaharibia wasioona, kila fujo wanayoleta inalipwa na mtu mwingine mlangoni kesho yake.

Kitu kimoja zaidi, mteja akiingia ongea na yeye. Usimuulize mwenzake "anakula nini huyu", na usimwelekeze mbwa meza iliko. Msomee menyu kama anataka.

Assalam alaykum. Mimi ni Muislamu na ndugu yangu hasikii la mtu, anasema bora abaki ndani kuliko aguse mbwa kwa sababu ya najisi. Haoni toka ajali. Mnasemaje? – Ndugu mwenye wasiwasi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi si mwanachuoni na fatwa sitoi, mpeleke kwa shekhe mnayemwamini. Ila nikupe vitu vya kwenda navyo kwenye hayo mazungumzo. Madhehebu hayako sawa kwenye hili: wanaomfuata Imamu Shafi wanaona mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na wa Imamu Malik wanaona mbwa aliye hai si najisi. Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Maida aya ya 4, imeruhusu kula alichokamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, na hadithi zinazokataza kufuga mbwa zimewaacha nje wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, kwa hiyo mbwa mwenye kazi hajawahi kuwa sawa na mbwa wa kuchezea tu. Uingereza mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimkubalia kijana asiyeona aje na mbwa wake, wakatenga sehemu mlangoni mbwa anapumzika wakati yeye anaswali.

Pia mkono unashika mpini wa mkanda, na nguo za kuswalia zinaweza kutengwa. Na kama bado moyo wake unakataa, muacheni, usimlazimishe mtu kuishi na mnyama asiyemtaka kwa sababu hata mbwa atateseka. Marekani kuna mwanamke wa Kiislamu asiyeona aliyetumia farasi mdogo wa kuongoza kwa kuwa nyumbani kwao hawakutaka mbwa, na kanuni za kule zinamtambua farasi wa aina hiyo. Na kuna fimbo nyeupe, ambayo ndo wasioona wengi duniani wanaitumia, mbwa wanao wachache sana. Hilo la kubaki ndani ndo lisikubaliwe.

Dada, hili jambo limeanzia wapi? Nani aliwaza hivyo? – Mdadisi

Picha na michoro ya wasioona na mbwa ni ya zamani sana, lakini mafunzo rasmi yalianzia Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari walikuwa wanarudi hawaoni, wengine kwa gesi, na mwaka 1916 chuo cha kwanza kikafunguliwa Oldenburg. Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, akaona kazi ya chuo cha Kijerumani akaiandikia makala 1927, makala ikasomwa kwa kijana asiyeona wa Nashville anaitwa Morris Frank, akamwandikia barua kwamba nisaidie nami nitawasaidia wengine. Frank akaenda Uswisi, 1928 akarudi Marekani na mbwa jike jina lake Buddy, akavuka naye barabara yenye magari mengi New York mbele ya waandishi wa habari, na 1929 wakaanzisha chuo cha The Seeing Eye ambacho kipo hadi leo. Uingereza mbwa wanne wa kwanza walipata watu wao 1931, Afrika Kusini chama chao kilianza 1953.

Lakini kama ningekuwa na nafasi ya kusimulia kisa kimoja tu ningesimulia cha Michael Hingson, Mmarekani asiyeona, ambaye 11 Septemba 2001, siku magaidi walipogongesha ndege kwenye majengo ya World Trade Center New York, alikuwa ghorofa ya 78 ya jengo mojawapo na mbwa wake Roselle. Walishuka ngazi zote hizo kwa miguu wakatoka salama. Watu husema mbwa alimwokoa. Hingson mwenyewe amekuwa akieleza kwamba alishajifunza jengo lile na njia zake za dharura siku nyingi kabla, alijua ngazi ziko wapi, yeye ndo aliyekuwa anaongoza safari na Roselle akatulia akafanya kazi yake katikati ya moshi na watu wengi. Kaka wa kijiweni kule juu, jibu lako na hili ni moja.

Mambo dada! Sina hela za kuchangia lakini nina nyumba, nina muda na napenda mbwa kufa. Kuna namna? – Mpenda mbwa

Poa mdogo wangu, wewe ndo unayetafutwa! Pesa zinahitajika kweli, kumzalisha, kumlea, kumfundisha na kumtunza mbwa mmoja kunagharimu sana na vyuo vingi vinaishi kwa michango, lakini bila watu wa kujitolea hakuna chuo kingefika popote.

Mtoto wa mbwa akifikisha kama wiki nane anapelekwa kwa familia ya kujitolea, anakaa nao hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu. Walezi hawa hawamfundishi kuongoza. Wanamfundisha kuishi na watu: asiogope lifti, honi, treni, miavuli, vyakula vya chini asiokote, akiambiwa jisaidie ajisaidie, akiambiwa tulia saa nzima chini ya kiti atulie. Unamtembeza sokoni, kituoni, maofisini, mvua na jua. Vyuo vingi vinalipia daktari na vingine hata chakula, wewe unatoa muda na uvumilivu, na viatu vichache vitatafunwa. Baada ya hapo anarudi chuoni kwa wakufunzi miezi kama minne, sita au zaidi, ndo anajifunza mkanda na barabara, kisha anatafutiwa mtu anayeendana naye kwa mwendo, kimo, tabia na aina ya maisha, halafu wote wawili wanafundishwa pamoja wiki kadhaa. Kazi anaianza akiwa na miaka kama miwili. Wengi ni Labrador, golden retriever, au mchanganyiko wa hao wawili, na German shepherd bado wapo.

Siku ya kumrudisha utalia. Nakuambia mapema. Na jua kwamba si wote wanafuzu, wengine nyonga zina shida, wengine wanaogopa radi, wengine wanapenda mno kufukuza ndege, hao wanapelekwa kwenye kazi nyingine au wanakuwa mbwa wa nyumbani, na malezi yako hayajapotea. Kama huwezi kulea mwaka mzima, vyuo vingi huweka majike wao wa kuzalisha majumbani kwa watu, wengine wanahitaji mtu wa kumhifadhi mbwa wiki moja mwenyewe akilazwa, wengine dereva tu.

Kabla hujampa mtu yeyote muda wako au senti, angalia kama chuo kinatambuliwa na International Guide Dog Federation, shirikisho la vyuo hivi lililoanza 1989 na linalokagua viwango vyao. Kwenye intaneti kuna watu wanauza watoto wa mbwa kwa jina la wasioona.

Na kwa ninyi wenye mbwa zenu: wafungeni kamba. Ninasisitiza hili kuliko michango. Mbwa anayeongoza akishambuliwa na mbwa aliyeachiwa, hata akipona jeraha, anaweza kuanza kuogopa kila mbwa njiani na kazi yake ikaishia hapo, miaka miwili ya watu wengi imekwisha kwa dakika moja na mtu amerudi kukaa ndani. Punguzeni pia matawi yanayotoka kwenye uzio wenu, na gari usiipandishe juu ya njia ya waenda kwa miguu, manake unamlazimisha asiyeona na mbwa wake washuke barabarani kuizunguka.

Shikamoo dada. Nina miaka 29, nimeambiwa nina retinitisi pigmentosa. Usiku sioni kabisa, mchana nagonga watu. Nataka mbwa lakini naogopa, na mama anasema nikichukua mbwa nitakuwa nimekubali kuwa kipofu. Nianzie wapi? – Binti wa jioni

Marahaba mdogo wangu, pole, na hongera kwa kuandika.

Anza na fimbo. Najua hukutaka kusikia hivyo. Vyuo vizuri vinataka mtu ambaye tayari anajua kutembea, anayeweza kujielekeza, kusikiliza barabara, kujua yuko wapi, na hayo unayapata kwenye mafunzo ya fimbo nyeupe na mtaalamu wa kutembea na kujielekeza. Na uanze sasa wakati bado unaona, usisubiri. Waliojifunza mapema wanasema hofu inapungua hata kabla macho hayajapungua zaidi.

Fimbo na mbwa ni vitu viwili tofauti kabisa, sio moja bora ya nyingine. Fimbo inakutana na kitu ndo unajua kipo. Mbwa anakikwepa, unaweza kupita kando ya kitu miaka mitatu bila kujua kilikuwepo. Wengine wanapenda hivyo, mwendo unakuwa wa haraka, mabega yanalegea, hujachoka ukifika. Wengine wanataka kugusa dunia yao na hawataki mnyama, nao wako sawa. Halafu fimbo haili, haiugui, haihitaji kutolewa nje saa kumi na moja alfajiri mvua ikinyesha. Mbwa anataka kulishwa, kuchanwa manyoya, daktari, kuokotewa mavi (ndio, wasioona wanafanya wenyewe, kuna mbinu yake), na anataka kutembea kazini karibu kila siku maana asipotumika anasahau. Jiulize kwa wiki moja, mimi natoka mara ngapi? Kama ni mara mbili, subiri kwanza.

Kwa wenye uoni uliobaki kama wewe kuna mtihani wa ziada, kumwamini. Mbwa akisimama utatumia kale kasehemu unakoona, utasema mbona hakuna kitu, utamvuta. Ukimvuta mara nyingi ataacha kukuambia. Wakufunzi wanalijua hilo, wengine huwafunga kitambaa machoni wanafunzi wenye uoni hafifu kwenye baadhi ya mazoezi, usiogope ukifika huko.

Kama unapoishi hakuna chuo, usinunue mbwa aliyefundishwa kutoka mbali ukaletewa kwenye boksi. Mafunzo ya pamoja ni lazima, na baada yake unahitaji mtu wa kuja kuangalia mnavyotembea, kurekebisha, mwaka baada ya mwaka. Andikia chuo kilichomo kwenye shirikisho nililolitaja juu uulize kama wanapokea watu wa nje na wanafuatiliaje. Vyuo vingi vikubwa havikutozi gharama halisi ya mbwa.

Na mama. Mwambie mama kwa upole kwamba macho yamepungua tayari, mbwa hayapunguzi. Mkaribishe aje siku ya mafunzo ya fimbo akuone unavuka barabara peke yako. Sidhani kama maneno yangu au yako yatamgusa kama hilo.

Habari. Jirani yangu ni mzee asiyeona, mbwa wake amefikisha miaka tisa na ameambiwa astaafu. Mzee amekuwa mkimya sana. Sijui nifanye nini na sitaki kumuudhi. – Jirani

Miaka nane hadi kumi ndo wakati wao wa kustaafu, na kwa mzee hilo ni pigo zito: anamkosa rafiki na anakosa miguu siku hiyohiyo. Usimwambie "utapata mwingine". Atapata labda, foleni inaweza kuwa ndefu, miezi mingi au zaidi, na katikati hapo anarudi kwenye fimbo ambayo huenda hajaishika sana miaka yote hii.

Muulize mbwa atakwenda wapi. Wengi wanabaki na mwenyewe kama mbwa wa nyumbani, wengine wanakwenda kwa ndugu au kwa familia iliyowalea utotoni, na wengine chuo kinawatafutia nyumba. Shida ya kubaki ni kwamba mbwa mpya akija, yule wa zamani anamwona mwenzie anavalishwa mkanda anabaki mlangoni. Hapo ndo unapoingia wewe jirani, mwambie nitakuja kumtembeza huyu mzee mwenzio wa miguu minne saa zile mnapotoka na yule mwingine. Kwa siku hizi za katikati jitolee kwenda naye dukani au hospitali. Usimshike mkono ukamvuta, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, tembea nusu hatua mbele yake, mkifika ngazi sema ngazi na useme zinapanda au zinashuka. Na akianza kukusimulia habari za mbwa wake, ambazo huenda ulishazisikia, kaa umsikilize.